Mlango wa Nyuma wa Ramani ya Mashuka

Watu wanaomfahamu mama mdogo wangu kwa sura hawajui kwamba ameshaua watu wengi kuliko anavyoweza kukumbuka. Na wale aliowaua, ambao wanamjua kwa jina la Sabuni tu, hawajui kwamba mchana kutwa huwa amesimama katika chumba cha pasi cha kiwanda cha kufulia nguo, akinyoosha na kukunja mashuka ya hoteli huku miguu ikimvimba taratibu ndani ya viatu vya mpira.

Mimi nawajua wote wawili. Nilihamia kwake baada ya kuhitimu chuo, nikisubiri kuitwa kazini, na sebule yake ina kochi, meza na kompyuta, basi. Katika chumba cha namna hiyo hakuna siri inayoweza kukaa.

Mambo ya gemu yalimwingia kwa ajali. Aliteleza kwenye sakafu yenye povu, akavunjika kifundo cha mguu, akakaa nyumbani mpaka akaanza kugombana na kuta. Kaka yake, yaani mjomba wangu, akamletea kompyuta yake ya zamani ili aangalie tamthilia. Humo ndani kulikuwa na gemu la kufyatuliana risasi, la aina ile ambapo timu mbili zinawindana kupitia mtandao. Akabonyeza kwa udadisi tu. Alijikuta ameshika bunduki katikati ya jangwa, na kabla hajajua ageukie wapi, mtu asiyemjua akampiga risasi mgongoni. Alishtuka akamwaga chai.

"Sijamkosea kitu yule mtu, mwanangu," aliniambia nilipokwenda kumjulia hali. "Hata salamu hatujapeana."

Mpaka mguu unapona, alikuwa ameshamtafuta mtu huyo na kumlipa vya kutosha.

Gemu lenyewe ni la zamani, na waliolitengeneza wameshalisahau. Linaendelea kuishi kwa sababu mashabiki wamelibadilisha wenyewe kwa mikono yao: wameongeza silaha, wameongeza sauti za nyayo, wamejenga ramani mpya za kupigania. Toleo hilo lao wanaliita modi. Modi ina jukwaa lake la mtandaoni, ambako watu wasiowahi kuonana hubishana juu ya kila uamuzi uliofanywa ndani yake. Kwa nini tabibu wa timu hapewi bunduki? Kwa nini ngazi za ghorofani ni nyembamba kiasi kile? Kwa nini sauti ya mlango isikike mbali hivyo? Ukisoma mabishano hayo bila kujua mada, utadhani ni ndugu wanagawana urithi.

Mama mdogo alianza kwa kusoma, akaja kubishana, kisha akajifunza kujenga ramani. Wenzake walikuwa wakijenga makasri na vyombo vya angani. Yeye alisema hajawahi kuingia katika kasri, hajui hata watu wa kasri wanaanika wapi nguo, kwa hiyo atajenga mahali anapopajua. Akajenga kiwanda chao cha kufulia, akaiita ramani hiyo Mashuka.

Ilikuwa ramani ya ajabu. Unaingia kwa mlango mkubwa wa mbele, mahali magunia ya nguo chafu yanaposhushwa. Unapita ukumbi wa mashine za kufulia, ambako mashuka mengine yametundikwa kwenye kamba, na adui akisimama nyuma yake unaona kivuli chake tu. Unaingia chumba cha kukaushia, chenye mashine zilizopangwa kulia na kushoto kama makabati ya maiti, maneno yake mwenyewe hayo. Mwisho kabisa unafika chumba cha pasi: meza ndefu, nyaya za umeme zinazoning'inia kutoka darini, madirisha ya juu yenye nondo, na kwenye ukuta wa nyuma kabati kubwa la mbao lililojaa mashuka yaliyokunjwa. Timu ya wavamizi inatokea mbele. Timu ya walinzi inalinda mzigo katika chumba cha pasi. Hiyo ndiyo kazi.

Mashabiki waliipenda, na kwa kuipenda wakaanza kuichambua. Kulikuwa na mmoja anayejiita Chumvi, ambaye hajawahi kukubali kitu bila kukigeuza chini juu. Aliuliza kwa nini risasi inapenya rundo la mashuka makavu lakini inakwama kwenye rundo la mashuka yaliyolowa.

"Umewahi kubeba shuka lililolowa?" Sabuni akamwandikia.

"Sijawahi."

"Kabebe, halafu uje tuzungumze."

Alipata sifa nyingi kwa jibu hilo kuliko alizowahi kupata kazini. Alinisomea kwa sauti, akacheka, akaniomba nimkande miguu.

Halafu likaja toleo jipya la modi, na ndani yake moshi.

Zamani bomu la moshi lilikuwa pazia tu. Unalirusha, linatoa wingu la kijivu, wingu linakaa kidogo, linapotea. Watengenezaji wa modi, ambao nao ni mashabiki wanaojitolea, waliamua kuufanya moshi uwe na tabia za moshi. Unapanda juu, unatambaa darini, unajaza chumba kuanzia juu kwenda chini, unafuata upenyo wa hewa, na usipopata upenyo unabaki hapo hapo na kuzidi kuwa mzito. Mchezaji aliye ndani yake anakohoa, anapoteza nguvu, anaanguka. Tena waliongeza moto: kitu kikavu kikipigwa risasi vibaya kinaweza kuwaka.

Jumapili asubuhi, mama mdogo akiwa bado amefunga kanga ya kulalia na mimi nikimenya viazi, tulifungua jukwaa kuona watu wanasemaje. Wote walikuwa wanazungumza kuhusu Mashuka.

Chumvi ndiye aliyeanzisha. "Ramani hii imekufa. Nimecheza upande wa walinzi asubuhi nzima na sijatoka hai hata mara moja. Wavamizi hawana haja ya kuingia. Wanawasha moto kwenye mashine za kukaushia, wanakaa nje wanasubiri."

Mwingine, anayejiita Kobe kwa sababu ya mtandao wake, akamuunga mkono. "Ni kweli. Moto ukiwaka kwenye chumba cha kukaushia, chumba cha pasi kinageuka chungu chenye mfuniko. Njia ya kutokea ni ile ile moto ulipo. Madirisha yana nondo. Sabuni, dada yetu, ulifikiria nini?"

Mama mdogo alivuta kiti, akavuta na pumzi. Nilijua pumzi ile, ndiyo anayovuta kabla ya kumnyoosha mtu.

"Nilifikiria kuwa mnajua kucheza," akaandika. "Nyuzinyuzi zinazotoka kwenye mashuka huwa zinajazana kwenye mashine za kukaushia. Ni kama pamba. Lazima ziwake kwa urahisi. Sikuweka hivyo kwa kuonea mtu, ndivyo zilivyo."

"Sawa, lakini weka mlango wa nyuma," akasema Chumvi. "Ramani nzuri haimwachi mchezaji bila la kufanya."

"Mlango wa nyuma upo. Upo nyuma ya kabati."

"Basi kabati lisogee."

"Kabati halisogei. Limejaa mashuka."

"Nani anajenga chumba chenye mlango halafu anauziba kwa kabati? Hiyo ni akili ya wapi? Huo si ubunifu, ni ukatili."

Mama mdogo akacheka, akanitazama ili nicheke naye. Kisha akaandika, na nakumbuka jinsi alivyobonyeza kila herufi kwa kujiamini: "Ubunifu wangu unafuata ukweli. Hapo ni mahali pa kweli. Kila kitu kipo kama nilivyokiweka. Ndipo ninapofanya kazi."

Halafu likaja jibu la mtu anayejiita Jirani, msomaji wa kimya kimya ambaye sikukumbuka kama aliwahi kuandika chochote. Aliuliza swali moja.

"Samahani dada. Kama ni mahali pa kweli, ninyi mkiwa humo ndani mtatokaje?"

Mama mdogo alitoa mikono kwenye kibodi kama mtu aliyegusa pasi.

Niliacha viazi. Sikuwahi kumwona akiwa na uso ule. Aliutazama ule mstari, midomo ikatembea kana kwamba anausoma kwa mara ya kwanza kila anapoumaliza. Nje watoto wa jirani walikuwa wanagombania baiskeli, na mama yao anawaita waje kuoga. Yote hayo niliyasikia vizuri sana.

"Kuna mlango," akasema mwishowe. Hakuwa ananiambia mimi.

"Nyuma ya kabati," nikasema.

"Nyuma ya kabati."

Akanieleza habari za kabati, kwa sauti ya chini, akiwa bado ameikazia macho skrini. Zamani mlango ule ulikuwa unaachwa wazi kwa ajili ya hewa. Nyuma yake kulikuwa na uwanja mtupu wa vumbi, na upepo ukivuma vumbi linaingia na kutua kwenye mashuka meupe. Hoteli zikalalamika. Wakaufunga, vumbi likapenya chini. Wakaweka matambara, likapenya pembeni. Ndipo siku moja wafanyakazi wa chumba cha pasi, wanawake wote pamoja, wakalisukuma kabati kutoka ukuta wa upande mpaka likauziba mlango wote, wakaimba walipolifikisha. Tangu siku hiyo hakukuwa na shuka lililorudishwa kwa sababu ya doa. Kila mfanyakazi mpya anaonyeshwa kabati na kuambiwa: likitokea la kutokea, tunalisogeza.

"Mmewahi kulisogeza?"

"Tulisogeze ili iweje, mwanangu?"

"Na kwenye ramani, kwa nini uliuchora mlango kama hakuna mchezaji anayeweza kuuona?"

Alishangaa kwamba naweza kuuliza kitu kama hicho. "Kwa sababu upo."

Hakula viazi. Hakumjibu Jirani pia.

Kesho yake alikwenda kazini mapema, na jioni akarudi amekasirika, jambo lililonipa nafuu kidogo kwa sababu hasira yake naifahamu. Alikuwa amezungumza na Mama Pasi. Huyu ndiye mkubwa wa chumba kile, mwanamke aliyefanya kazi hapo muda mrefu mpaka jina lake la nyumbani likapotea, na wazo la kabati lilikuwa lake. Kabati lile kwake lilikuwa kama mtoto aliyesoma akafaulu.

"Nimemwambia, Mama, mlango ule tuufungue. Akaniuliza nimeota? Nikamwambia hapana, kuna watu mtandaoni wamegundua kwamba moto ukiwaka kwenye mashine za kukaushia hatuna pa kutokea. Akauliza watu gani. Sasa hapo ningesema nini? Nikamwambia wachezaji wa gemu, akina Chumvi." Akafungua viatu, akavitupa chini ya meza. "Chumba kizima kimecheka. Yule wa toroli, anayetusukumia mashuka, akasema, jamani, Chumvi amesema tufe, basi tujiandae, nani anatoa sanda, maana mashuka tunayo."

Nilijizuia nisicheke.

"Cheka tu. Na mimi nilicheka."

"Na msimamizi?"

"Msimamizi anasema kabati si lake, tumalizane na Mama Pasi. Anamwogopa. Wote tunamwogopa." Akaukanda mguu wake. "Leo mashine ya tatu ya kukaushia ilitoa harufu ya kuungua. Huwa inatoa. Tukaizima, tukatoa zile nyuzi, tukaiwasha. Huwa tunafanya hivyo kila mara, na baada ya hapo tunakula. Leo sikuweza kumeza."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hazungumzii tena gemu, wala hatazungumza kitu kingine mpaka kabati lile litoke. Akaniomba nimsindikize kazini siku inayofuata saa ya chakula cha mchana, nimbebee kompyuta, kwa kuwa mguu wake haupendi mizigo. Mashuka inaweza kuchezwa bila mtandao, kwa majaribio, mchezaji akiwa peke yake. Aliipanga ili kila anayecheza aanzie chumba cha pasi, bila adui, bila bunduki. Moto ungewaka wenyewe kwenye mashine ya tatu.

Nilikuwa sijawahi kuingia katika kiwanda kile. Nilitembea ndani yake kama mtu anayerudi nyumbani. Nilijua kwamba baada ya mashine ya mwisho ya kufulia kuna kona ya kujificha. Nilijua toroli lingekuwa limeegeshwa wapi. Nilipoingia chumba cha pasi, nikatazama kwanza kulia, mahali wavamizi hupenda kuvizia, nikamkuta mama mmoja mnene anakula mkate.

"Huyu ndiye mtoto wa dada yako? Msomi?" akamuuliza mama mdogo.

"Ndiye."

"Karibu msomi. Umekuja kutuzika?" Huyo alikuwa wa toroli.

Mama Pasi alikuwa ameketi chini ya dirisha, mikono mapajani, miwani imefungwa kwa uzi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akaniuliza habari za mama yangu, akaniuliza kama nimeshapata kazi, yote hayo bila kuitazama kompyuta hata kidogo.

Tukaiweka juu ya meza ya pasi. Picha ilipotokea, chumba kikajaa vicheko.

"Angalia, meza yangu hiyo, ule mguu mfupi umeuweka na kipande cha boksi."

"Na waya wangu wenye plasta."

"Kalenda ya zamani ile. Binti huyu ana macho ya kichawi."

Waligombania kushika kipanya. Wa toroli alicheza kwanza, akatembea akigonga kuta, wenzake wakimwambia ndivyo anavyotembea hata na toroli. Moshi ulipoanza kuingia kupitia mlango wa chumba cha kukaushia, alikimbilia huko huko, akakohoa, akaanguka. Skrini ikawa nyeusi. Wakacheka. Mwingine akajaribu, akaenda dirishani, akaruka ruka chini ya nondo mpaka akaanguka. Wakacheka tena, lakini kidogo. Wa tatu alikaa katikati ya chumba, akiuangalia moshi unavyoshuka kutoka darini, akasema, "Sasa mimi niende wapi?" Alimtazama mama mdogo alipouliza. Hakuna aliyecheka.

"Lete hapa," akasema Mama Pasi.

Wakampisha. Alikuwa hajawahi kushika kipanya, nikamwonyesha. Alikishika kama anavyoshika pasi, kiganja chote. Mtu wake akasimama mbele ya meza yake, ile ya karibu na ukuta wa nyuma. Moshi ukaingia. Hakukimbia. Alimgeuza mtu wake taratibu, akamwelekeza moja kwa moja kwenye kabati, na akaanza kubonyeza.

"Hapa ninasukuma vipi?" akauliza.

"Huwezi kusukuma, Mama," mama mdogo akasema.

"Nasukuma vipi, nimekuuliza."

"Halisogei."

Aliendelea kubonyeza. Kipanya kilikuwa kinalia tik, tik, tik. Moshi ukafika kifuani kwa yule mtu, kisha usoni. Kikohozi cha kompyuta kikatoka, kile kile cha wote waliomtangulia. Mama Pasi alibonyeza hata baada ya skrini kuwa nyeusi.

Kisha akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa. Aliinuka, akaenda kwenye kabati lenyewe, la kweli, akafungua milango yake na kuanza kutoa mashuka. Aliyatoa kwa mafungu, akayaweka juu ya meza, na yeye ambaye humgombeza mtu kwa kuweka shuka safi karibu na kikombe aliyaweka juu ya makombo ya mkate. Wenzake wakaanza kumsaidia. Msimamizi alikuja kuona kwa nini pasi hazijawashwa, akakunja mikono ya shati.

Kabati lilipokuwa tupu bado lilikuwa zito. Walilisukuma wote kwa pamoja na mimi nikiwa pembeni yao, bega kwenye mbao. Liligoma, likalia, likateleza. Nyuma yake ukaonekana mlango, wa kijani, rangi ikiwa bado mpya mahali ambapo jua halikuwahi kufika. Mama mdogo alinishika mkono. Kwenye ramani alikuwa ameupaka kijani hicho hicho.

"Haya," akasema Mama Pasi, na nilisikia fahari kidogo ikirudi katika sauti yake. "Si niliwaambia unafunguka?"

Komeo lilikuwa na kutu. Msimamizi akaligonga kwa kisigino cha pasi ya zamani mpaka likaachia. Mlango ukafunguka kwa ndani, bila shida.

Nje kulikuwa na ukuta.

Haukuwa mbali. Ulikuwa umeegemezwa pale pale kwenye fremu ya mlango, matofali ya saruji kutoka chini mpaka juu, na saruji iliyofinywa katikati ya matofali ilikuwa imeingia mpaka upande wetu na kukaukia hapo, ikiwa na alama ya kidole cha fundi. Mama Pasi alinyoosha mkono, akaugusa. Akaubonyeza, kama alivyobonyeza kipanya.

"Uwanja uko wapi?" akauliza.

Wa toroli alikuwa ameketi chini, miguu imenyooshwa mbele kama mtoto. Mama mdogo aliniachia mkono, nikaona ananyanyua vidole na kuviweka mdomoni. Yeye uwanja ule alikuwa ameuchora. Nyuma ya mlango usioonekana, nyuma ya kabati lisilosogea, katika sehemu ya ramani ambayo hakuna mchezaji angefika kamwe, alikuwa ameweka uwanja wa vumbi, wenye jua, kwa sababu alijua upo.

Msimamizi alizunguka nje mbio, na sisi tukamfuata. Uwanja haukuwepo. Mahali pake palikuwa na ghala la muuza matairi wa upande wa pili, limejengwa likitumia ukuta wetu kama ukuta wake wa nne. Mwenyewe alitoka akipangusa mikono. Alikuwa mtu mpole. Alipoelezwa, alikwenda kuutazama, akarudi akiwa amebadilika rangi.

"Kabla ya kujenga niliutazama ule mlango muda mrefu," akasema. "Haukufunguliwa hata siku moja. Nikachungulia chini, nikaona mbao. Nikajua mmeshauziba. Kwa nini mngeuziba kama mnauhitaji?"

Mama Pasi ndiye aliyemjibu. "Kwa sababu ya vumbi," akasema.

Nilisoma nadharia nyingi chuoni kuhusu usalama wa binadamu na mazingira yake ya kazi. Sikumbuki hata moja iliyonifundisha jinsi ya kumtazama mwanamke mzima anaposema maneno hayo.

Mchana ule hawakurudi kufanya kazi mle ndani. Hakukuwa na mgomo wala kelele, waliingia tu, wakatoa meza za pasi moja baada ya nyingine kupitia chumba cha kukaushia, wakapita ukumbi wa mashine, wakazipanga mbele, mahali magunia yanaposhushwa, karibu na mlango mkubwa. Nyaya zikavutwa. Msimamizi alipiga simu kwa wenye kiwanda, na nilimsikia akirudia, "Hapana bosi, ukuta. Ukuta wa matofali. Nimeugusa." Magunia machafu na mashuka safi vilikaa pamoja, mashuka yakapata madoa, hoteli zikalalamika. Mama Pasi alipokea simu moja ya malalamiko yeye mwenyewe, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ni vumbi tu, linatoka," akakata.

Ghala la matairi halikuvunjwa. Walitoboa mlango mpya kwenye ukuta wa upande, ule ambao kabati lilikuwa limeuegemea hapo mwanzo kabisa, na unatokea kwenye uchochoro unaofika barabarani. Kabati lenyewe lilikatwa likawa rafu. Vumbi linaingia kama zamani. Wametundika shuka kuukuu lililolowa mlangoni ili lilinase, na kila asubuhi, kabla pasi haijachomekwa, Mama Pasi analisogeza shuka, anafungua mlango, anatoka mpaka nje kabisa, anasimama barabarani kidogo, kisha anarudi kwa mlango huo huo. Wa toroli humuuliza kama barabara ipo. Yeye hujibu kwamba ipo, wala hacheki.

Mama mdogo alikaa bila kugusa ramani yake kwa muda. Nilidhani ameachana nayo. Lakini Jumapili moja nilimkuta mbele ya kompyuta, ameshaondoa kabati. Aliutoa mlango wa kijani. Aliufuta na ule uwanja. Alibaki ameshika kipanya kwa muda kabla ya kuufuta, kisha akabonyeza, ukaenda. Mahali pake akaweka matofali. Kwenye ukuta wa upande akatoboa mlango mpya, akautundikia shuka lililolowa, akaiweka ramani jukwaani.

Chumvi alifika kabla ya wote.

"Sasa umeharibu kwa upande wa pili," akaandika. "Walinzi wanatoka wanavyotaka. Mlango huu umerahisisha mno. Na kwa nini risasi haipenyi hilo shuka?"

Mama mdogo alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akaanza kumwandikia jibu la kumnyoosha. Hakulimaliza, kwa sababu chini yake lilitokea jina la Jirani.

"Dada, huo mlango na wenyewe ni wa kweli?"

Alifuta aliyokuwa akimwandikia Chumvi.

"Nimetokea hapo juzi," akaandika. "Wote tumetokea hapo."